Pindo, Mji na Jina: Ukurasa Mdogo wa William Blake Ukitazamwa kutoka Ujiji

Madhumuni ya makala hii ni kueleza ukurasa mmoja mdogo wa kitabu, uliochapwa na kutiwa rangi za maji huko London mwishoni mwa karne ya 18, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno yake ya kuuelezea. Huenda msomaji wa jarida la lugha akashangaa kuona picha ikijadiliwa mahali hapa. Lakini jambo lililonifikisha kwenye picha hii ni jambo la lugha, nalo lilinipata Ujiji, mbele ya watu walionijua tangu utoto, wala sikuweza kulikwepa.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuzungumza na walimu wa shule za sekondari mjini Kigoma juu ya kufundisha ushairi na sanaa kwa Kiswahili. Nilichukua nakala nzuri ya ukurasa huo, kwa kuwa ndani yake shairi na picha havitengani, nikaandaa na istilahi: “kiunzi cha ukingo”, “eneo la matini”, “kipengele cha kimapambo”. Istilahi hizi nilikuwa nimeziunda mwenyewe mezani pangu, nikiyafuata maneno ya vitabu nilivyovisoma ng’ambo. Walimu waliziandika zote kwa adabu. Mjadala ulipoanza, hapana hata mmoja aliyezitumia. Walisema “huu mchoro”, “haya maandishi”, “hizi rangi”, kisha wakanyamaza. Macho yao yalikuwa yameona mambo mengi, lakini mimi nilikuwa nimewanyang’anya maneno ya kuyasemea.

Jioni ile nilikwenda Ujiji kumwamkia shangazi yangu, mama wa makamo ya uzee, mshonaji tangu usichana wake, msomaji wa Kurani, asiyejua Kiingereza. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza nilikuwa nimefundisha nini. Nikampa ile nakala. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kwa muda mrefu kuliko mwalimu yeyote wa mchana ule, akasema:

“Hii kanga nani kaichora?”

“Si kanga, shangazi. Ni ukurasa wa kitabu cha mashairi, cha Waingereza wa zamani.”

“Basi aliyeuandika alijua kanga, baba. Tazama hapa: pindo limeingia mjini, na jina limekaa katikati yao. Jina lenyewe lasemaje?”

Katika sentensi chache alikuwa amefanya kazi niliyoshindwa kuifanya kwa saa mbili. Sehemu zilizobaki za makala hii ni jaribio la kumfuata kwa utaratibu wa kitaaluma, na kupima maneno yake yanatufikisha wapi na yanakomea wapi.

UKURASA WENYEWE

William Blake alizaliwa London mwaka 1757 akafariki huko mwaka 1827. Kazi iliyompa riziki ilikuwa kuchonga sahani za shaba kwa ajili ya kuchapa picha, na kando ya kazi hiyo alikuwa mshairi na mchoraji. Mwaka 1789 alitoa kitabu kidogo cha mashairi kiitwacho Songs of Innocence, na mwaka 1794 akakiunganisha na mwenziwe, Songs of Experience. Ukurasa ninaouzungumzia ni wa kitabu cha kwanza, wenye shairi la “Infant Joy”, yaani furaha ya mtoto mchanga.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni udogo wake. Sahani iliyouchapa ina urefu wa sentimita 11 hivi na upana wa sentimita 7 hivi. Ukurasa mzima waweza kufunikwa kwa kiganja cha mtu mzima. Nilipouona mara ya kwanza katika chumba cha kusomea cha makumbusho, enzi za uanafunzi wangu ng’ambo, nilidhani nimeletewa kitu kingine. Picha zinazouonyesha vitabuni mara nyingi huukuza, na ukikuzwa hupoteza tabia yake moja kubwa: umekusudiwa mtu mmoja aushike karibu na uso wake, au watu wawili walioketi bega kwa bega.

Jambo la pili ni mpangilio. Mmea mmoja unaota chini na kupanda kando ya maneno. Kwenye kilele chake lipo ua kubwa lililofunguka, lenye petali zinazochongoka kama ndimi za moto. Ndani ya ua ameketi mwanamke mwenye mtoto mchanga mapajani, na mbele yao amesimama kiumbe mdogo mwenye mabawa kama ya kipepeo. Chini yao yapo maneno ya shairi, na chini zaidi linaning’inia tumba ambalo halijafunguka. Katika nakala nyingi ua ni jekundu, lakini rangi hubadilika kutoka nakala moja hadi nyingine kwa sababu nitakayoieleza.

Jambo la tatu ni shairi lenyewe. Ni fupi sana, na ni mazungumzo: mtoto wa siku mbili anasema kwamba hana jina, mtu mzima anamwuliza amwiteje, mtoto anajitaja kwa furaha yake, na mtu mzima anamtakia furaha hiyo imfikie. Hakuna zaidi ya hayo.

Wanahistoria wa sanaa humweka Blake katika mkondo ambao wahakiki wetu wameuita Ulimbwende. Neno hili lina mtego wake. Katika Kiswahili cha mitaani mlimbwende ni mtu wa kujipamba, mtanashati, na anayelisikia kwa mara ya kwanza hudhani kuwa washairi wa mkondo huo walipenda urembo mtupu. Kumbe walichokitetea ni moyo, utoto, maumbile na nguvu ya mawazo ya mtu mmoja dhidi ya kanuni zilizogandamana. Walakini kwa ukurasa huu mtego umegeuka kuwa bahati. Hapa pambo ndilo lililobeba fikra, na mtu akiliondoa pambo haambulii shairi lililovuliwa nguo tu, huambulia nusu ya shairi.

PINDO, MJI NA JINA

Watu wa kanga wanazo sehemu tatu ambazo kila binti wa Ujiji, wa Unguja au wa Mombasa huzijua kabla ya kujua kusoma. Pindo ni ukingo wenye nakshi unaoizunguka nguo pande zote. Mji ni uwanja wa ndani pamoja na picha au mapambo yake. Jina ni maneno yaliyochapwa, aghalabu kati ya mji na pindo la chini. Hapo zamani jina liliandikwa kwa hati za Kiarabu, na katika karne ya 20 hati za Kirumi zikachukua nafasi.

Istilahi hizi zina faida ambayo zile zangu hazikuwa nayo: kila moja inaeleza mahali na kazi kwa wakati mmoja. Pindo halikai pembeni tu; kazi yake ni kuikamilisha nguo, na fundi huitazama nguo isiyopindwa kama kazi isiyokwisha. Mji haukai katikati tu; ni mahali pa kukaa, penye wenyeji. Na jina si maandishi tu. Ni kile ambacho kwacho nguo huitwa, huombwa dukani na kukumbukwa. Mama haulizi kanga ya maua mekundu, huiuliza kwa jina lake.

Tukiupima ukurasa wa Blake kwa maneno haya, kwanza tunaona kile shangazi alichokiona mara moja: pindo limeingia mjini. Katika vitabu vingi vya Ulaya vya wakati ule picha iliwekewa mraba wake na maneno yakawekewa wake. Blake hakuacha mpaka huo. Shina linaloanza kama pambo la pembeni linapanda, linajikunja, na kilele chake kinakuwa nyumba ya mama na mtoto. Ukiufuata mstari ule kwa kidole huwezi kusema ni wapi pambo limekwisha na wapi habari imeanza. Istilahi yangu ya “kiunzi cha ukingo” ilikuwa inamwambia mwanafunzi atazame ukingo na kiini kama vitu viwili, yaani ilimfundisha kukosea.

Pili tunaona nafasi ya jina. Maneno ya shairi yamewekwa kati ya ua lililofunguka na tumba lililofumba, kama jina la kanga linavyowekwa kati ya mji na pindo. Jicho likishuka kutoka juu linakutana na mtoto aliyekwisha kuzaliwa, kisha na mazungumzo juu ya kumwita, kisha na tumba ambalo bado limeshika siri yake. Likipanda kutoka chini linasoma safari ya kuzaliwa. Shairi lenyewe halitaji ua wala tumba. Mambo hayo yanasemwa na pambo peke yake.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, shairi zima linahusu jina. Nilipomweleza shangazi maana ya maneno, kwamba mtoto ana siku mbili na hana jina, alijibu bila kuona ajabu yoyote:

“Atakuwa nalo wapi? Siku ya saba haijafika.”

Kwetu, katika nyumba za Kiislamu za Ujiji, ni desturi mtoto kupewa jina siku ya saba, na akika ikachinjwa kwa aliyejaliwa. Siku zile za mwanzo mtoto yupo na hajaitwa. Msomaji aliyelelewa katika desturi hiyo anauelewa ukimya wa shairi kwa namna yake: siku mbili ni muda halisi wenye mipaka, ambao mama anamjua mtoto kwa uzito na harufu kabla ya kumjua kwa neno. Ndipo linapoonekana jambo alilolifanya Blake. Kwetu wazazi na wazee ndio wanaompa mtoto jina. Kwake mtoto anajipa mwenyewe, na mkubwa anakubali. Kwa hiyo desturi yetu haiifanyi picha ya Blake kuwa yetu. Inatupa mahali pa kusimama ili tuone wapi yeye amekwenda njia nyingine.

MKONO MMOJA

Neno la nne tunalolihitaji ni nakshi. Limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ina maana ya kuchonga na pia ya kutia rangi. Katika Kiswahili limeenea hadi milango, vitanda na misahafu. Lakini kitovu chake ni kazi ya patasi, yaani kuondoa kitu ili kingine kisimame juu. Hapo neno letu linaingia katika ufundi wa Blake kwa usahihi wa ajabu. Alichukua sahani ya shaba, akaandika maneno na kuchora maua juu yake kwa vanishi isiyolika kwa tindikali, tena aliandika kinyume, kushoto kukawa kulia, ili yatakapochapwa yasomeke. Kisha akaimwagia sahani tindikali. Shaba iliyokuwa wazi ikaliwa, na palipopakwa vanishi pakabaki pameinuka. Maneno na majani yalizaliwa kwa tendo moja na mkono mmoja. Sahani ikatiwa wino, ikachapwa karatasini, na baadaye kila karatasi ikatiwa rangi za maji kwa brashi, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana hakuna nakala mbili zilizo sawa.

Katika kutia rangi alisaidiwa na mkewe, Catherine. Walipofunga ndoa mwaka 1782, Catherine aliweka alama ya msalaba katika daftari la ndoa mahali pa sahihi. Baadaye alijifunza kusoma na kuandika, akawa mshiriki wa mumewe katika kuchapa na kutia rangi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Sisi wasomi tuna mazoea ya kudhani kwamba ujuzi wa ukurasa ni wa anayejua kuusoma. Ukurasa huu mashuhuri ulipita katika mikono ya mtu ambaye huenda aliijua rangi kabla ya kuijua herufi.

Je, sisi tunao mfano wa mkono mmoja kama huo? Tunao. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji wa mbao na fundi wa muziki na ngoma. Watafiti wa Ulaya waliohitaji nakala za tenzi za kale walimwendea yeye, miongoni mwao William Hichens na, katika miaka ya 1930, Ernst Dammann. Na hati alizowaandikia zimehifadhiwa leo Uingereza na Ujerumani. Mtu aliyechonga mlango asubuhi na kunakili utenzi jioni hakuhitaji kuelezwa kwamba nakshi ya mti na nakshi ya karatasi ni ndugu. Nyuma yake ipo mila ndefu ya waandishi wa Siyu na Pate, walioandika misahafu yenye kurasa za ufunguzi zilizopambwa, vichwa vya sura vilivyowekewa fremu, na alama za duara pembeni zinazomwonyesha msomaji mahali alipofika. Rangi zao kuu zilikuwa nyeusi, nyekundu na manjano, na karatasi zao zilisafiri kutoka Ulaya. Baadhi ya kazi hizo ni za miaka ileile ambayo Blake alikuwa akitia rangi kurasa zake.

ZINGEFURI

Nyekundu ya waandishi wa pwani inatuleta kwenye neno la tano, na kuturudisha Ujiji. Neno hilo ni zingefuri. Kwa Kiarabu zunjufri, lenye asili ya Kiajemi, ni jiwe jekundu la madini ya zebaki ambalo likisagwa hutoa wino mwekundu mkali. Kwa karne nyingi waandishi wa nchi za Kiislamu walilitumia kuandikia vichwa vya sura na alama za kutenga. Katika Kiswahili neno limehama. Kamusi zetu za zamani zinautaja mzingefuri kuwa ni mti, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Bixa orellana. Mti huu asili yake ni Marekani ya kitropiki, nao huzaa vitumba vyenye manyoya, na ndani mbegu zilizofunikwa unga wa rangi iliyo baina ya mawese na tofali. Jiwe limekwenda, jina likabaki na kuhamia kwenye mbegu, kwa sababu kazi ilikuwa ileile: kutoa nyekundu.

Mfano mashuhuri wa matumizi ya rangi hii katika maandishi ya nchi za Ziwa Tanganyika ni wa David Livingstone. Mwaka 1871, akiwa Manyema ng’ambo ya magharibi ya ziwa, aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani la London, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa kuyakata mistari yake. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, Waarabu waliuita kwa jina linalotambulika mara moja kuwa ni hili la zingefuri, na wenyeji wa Manyema waliutumia kutia rangi nguo na kujipamba nyuso na vichwa. Aliirudisha shajara hiyo Ujiji mwezi Oktoba 1871, wiki chache kabla Henry Morton Stanley hajamkuta hapo.

Wino ule ulififia. Baada ya miaka sehemu kubwa ya shajara haikusomeka, maandishi ya gazeti yakiwa yameushinda mwandiko. Tangu mwaka 2010 kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki liliipiga picha shajara hiyo kwa mianga ya namna nyingi, mingine isiyoonekana kwa macho, hata mwandiko ukatokea tena, nayo ikatolewa hadharani mwaka 2011. Humo mna habari za mauaji ya Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871 kama zilivyoandikwa siku zilezile. Rangi ya mbegu, basi, ilibeba ushahidi mzito kuliko nguvu yake.

Nyumbani kwetu Ujiji pia kipo kitabu. Ni nakala ya maulidi, imeandikwa kwa mkono na mzee wa ukoo, maneno kwa wino mweusi wa masizi na vichwa kwa wino mwekundu. Shangazi anakumbuka mbegu zikilowekwa ndani ya kikombe cha udongo. Leo wino wa masizi unasomeka vizuri. Wino mwekundu umekwenda kabisa. Mwenye kukifungua anaona aya nyeusi, kisha nafasi tupu, kisha aya nyeusi tena, kama mtu anayezungumza na kunyamaza kwa kupimia. Mashine ya mianga hatuna. Tunaye shangazi, ambaye anaweka kidole juu ya kila nafasi tupu na kutamka kilichokuwapo.

Nimelisema hili kwa kuwa linahusu ukurasa wa Blake kwa karibu. Rangi za maji nazo ni dhaifu mbele ya mwanga, na makumbusho huzitoa kwa vipindi vifupi kisha huzirudisha gizani. Uhaba huo ni sehemu ya kuuthamini ukurasa. Ua jekundu tunaloliona katika nakala iliyotunzwa limebaki kwa sababu mtu fulani katika kila kizazi aliamua kulifunika.

MIPAKA YA ULINGANISHO

Msomaji mwangalifu atauliza kama sijapita kiasi. Kanga huchapwa kiwandani kwa maelfu na zote hufanana. Ukurasa wa Blake uko tofauti kila nakala. Hoja hii ni ya kweli, na yatupasa tukiri kwamba katika sifa hiyo Blake yu karibu zaidi na Kijuma kuliko na kanga. Maneno ya pindo, mji na jina tunayaazima kwa sababu ya mpangilio, si kwa sababu ya namna ya kutengeneza. Kwa upande wa kutengeneza tunalo neno nakshi.

Pili, misahafu ya pwani haina picha za viumbe. Pambo lake linaheshimu neno na kumwongoza msomaji. Halisimulii habari nyingine kando ya neno. Ua la Blake linasimulia. Tukiviita vyote viwili “pambo” bila kutenganisha, tutakuwa tumevidhulumu vyote viwili.

Tatu, jina la kanga limetolewa kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa mgeni. Linasomwa barabarani na mtu ambaye huenda hata hakukusudiwa. Ukurasa wa sentimita 11 kwa 7 hausomwi barabarani. Ukaribu wake ni wa mapajani, kama ulivyo ukaribu wa mama na mtoto waliochorwa ndani yake. Hata hivyo kanga nayo ina upande huo: kanga ile iliyosema na jirani asubuhi ndiyo mbeleko ya mchana, na mtoto hulala juu ya jina asiloweza kulisoma.

Nne, hapana mtu atakayedhani kwamba Blake aliijua kanga. Nguo yenyewe kwa sura tuijuayo ilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, yeye akiwa amekwisha kufa. Ulinganisho wa namna hii hautafuti nani alimwiga nani. Unatafuta maneno ambayo kwayo jicho la Mswahili litaona mengi zaidi.

MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo napendekeza yafuatayo kwa wanaotunga kamusi na vitabu vya kufundishia sanaa. Ukurasa ambao maneno na mapambo yake vimepangwa kuwa kitu kimoja uitwe ukurasa wa nakshi. Neno pambizo libaki kwa nafasi tupu ya pembeni, na neno pindo litumike pale nafasi hiyo inapokuwa imepambwa. Mji uwe uwanja wa picha kuu. Jina liwe maneno yaliyopewa makao ndani ya pambo, ili tuyatofautishe na matini iliyochapwa bila pambo. Na zingefuri irudishwe kuwa jina la rangi nyekundu ya vichwa na alama katika hati za kale, pamoja na maelezo ya safari yake kutoka jiwe hadi mbegu, kwa maana sasa watu wengi wa rika langu hawalijui neno hili hata wanapopita chini ya mti wenyewe.

Yafaa pia tuongeze neno tarizi. Kamusi za zamani hulieleza kuwa ni kufuma au kutia ukingo wa nguo. Asili yake ya Kiarabu ni ileile ya tirazi, vitambaa vyenye mistari ya maandishi ambavyo makhalifa waliamuru vifumwe pamoja na majina yao. Sidai kwamba jina la kanga limeshuka moja kwa moja kutoka huko. Nasema tu kwamba wazo la kuweka jina kwenye ukingo wa nguo si geni katika familia ya maneno tuliyoirithi, na kwamba mwalimu anayesema “Blake ametarizi shairi lake” atakuwa amesema jambo sahihi kwa neno moja.

Nilirudi Kigoma mwaka uliofuata kuzungumza na walimu walewale. Safari hii sikuandika istilahi ubaoni. Niliwagawia nakala za ukurasa kwa ukubwa wake halisi, nikawaomba wanionyeshe pindo liko wapi. Mwalimu mmoja alisema pindo ni shina. Mwingine akapinga, akasema shina ni mji, kwa kuwa mama amekaa juu yake. Wa tatu akauliza kwa nini tumba limewekwa chini ya jina na si juu, na hapo kikao kikawaka hata nikashindwa kukifunga kwa wakati. Swali la tumba halikupata jibu moja, nami nimeliacha wazi.

Kuhusu kile kitabu cha maulidi, nimeanza kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na kando ya kila nafasi tupu naandika kichwa anachokitamka shangazi. Tumefika theluthi moja. Kazi huenda polepole, kwa sababu anapofika penye nafasi fulani husita, hufumba macho, na mimi hungoja na kalamu mkononi.